Spea ya pikapu kwa safari ndefu: chini ya bodi, ndani, juu au nyuma?

Hilux yangu ilitoka kiwandani tairi la akiba likining'inia chini ya bodi, nyuma ya difu, limeshikwa na mnyororo mmoja. Kwa muda mrefu nililichukulia kama figo: najua lipo, sina haja ya kulitazama. Kisha siku moja ya masika, natoka Mbeya kwenda Itigi kwa njia ya Chunya, nikiwa kati ya Makongolosi na Rungwa, jiwe likachana ubavu wa tairi la nyuma kushoto. Haikuwa pancha ya msumari ambayo unaziba na kuendelea. Mpasuko uliingia vidole viwili.

Nyuma nilikuwa na pampu ya kisima, mabomba, na mifuko kumi na miwili ya saruji chini ya turubai. Gari lilikuwa limekaa kwenye mfereji uliochimbwa na matairi ya malori. Nikachomeka ile fimbo ya chuma kwenye tundu lake juu ya bampa, nikazungusha. Haikwenda. Nikaweka nguvu zaidi, fimbo ikaanza kupinda. Nikalala kwenye tope kuchungulia: kile kiwinchi kinachofungua mnyororo kilikuwa donge moja la kutu na udongo mkavu. Na ukanda ule una mbung'o, wadudu wasiojali kwamba una haraka. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili hadi lilipopita fuso moja, utingo wake akatuazima msumeno wa chuma, tukakata mnyororo.

Kilichoniuma zaidi: siku sita kabla, gari lilikuwa gereji kwa sevisi, na kwenye karatasi waliyonipa kulikuwa na alama ya tiki mbele ya neno "spea". Hakuna aliyeishusha. Waliinama, wakaiona, wakaweka tiki. Lakini na mimi, kwa miaka yote niliyokuwa na gari lile, nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Tangu hapo, mtu akiniuliza spea ya pikapu ikae wapi, namrudishia swali: je, utaweza kuitoa peke yako, usiku, mzigo ukiwa juu ya gari na gari likiwa ndani ya tope? Nitazilinganisha sehemu nne kwa swali hilo.

Chini ya bodi

Hapa ndipo kiwanda kinapoiweka kwenye Hilux, Ranger, D-Max, L200 na nyinginezo nyingi, na hawakukosea. Gurudumu zima la saizi ya 265/65 R17 lenye rimu ya chuma lina zaidi ya kilo thelathini. Uzito huo ukikaa chini, gari halisumbuki kwenye kona. Jua haliligusi, kwa hiyo mpira hauchakai kwa kupasuka vijistari. Bodi lote linabaki la mzigo. Na kuna faida moja ambayo watu huisahau wanapolalamika: unalishushia kwa nyuma, kwa fimbo, bila kugusa mzigo. Hata ukiwa umejaza magunia hadi juu ya kabini, spea inashuka. Huinui kilo thelathini kutoka juu, unaliburuta tu.

Kwa hiyo kwa mtu wa lami, anayekwenda Dar hadi Mbeya au Nairobi hadi Mombasa, sioni sababu ya kuhamisha chochote.

Tatizo linaanza lami inapoisha. Tope la barabarani linarushwa moja kwa moja kwenye kile kiwinchi, linakauka, mvua inakuja tena, kutu inafanya kazi yake kimya kimya. Ukizama kwenye mifereji ya malori, nafasi kati ya spea na ardhi inakuwa ndogo, tena tairi la nyuma likiwa halina upepo gari limeshuka zaidi, na hapo hata winchi ikifungua, tairi linaangukia kwenye tope na halina pa kupitia. Inabidi kwanza uinue gari kwa jeki, kisha ulitoe, na ardhi yenyewe inameza jeki. Ndiyo maana kipande cha ubao mnene, sentimita 30 kwa 30 hivi, kina thamani kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa maringo.

Halafu wezi. Mwenye fimbo kama yako anahitaji dakika chache tu, na wewe hutajua hadi siku ya pancha. Kufuli na mnyororo wa ziada unaopita kwenye matundu ya rimu unasaidia, ila hakikisha funguo ya kufuli ina nakala ndani ya gari na kwamba kufuli lenyewe halijaganda kwa kutu. Vinginevyo umejiibia mwenyewe.

La mwisho kwenye hili ni upepo. Spea ya chini mara nyingi haifikiki vizuri kwenye valvu, kwa hiyo haipimwi. Tairi linapoteza upepo kidogo kidogo hata likiwa limekaa tu. Nimeona mtu akishusha spea mpya kabisa, haijawahi kugusa barabara, ikiwa laini kama chapati. Ijaze zaidi kidogo ya unavyojaza mengine. Kupunguza porini ni sekunde chache, kujaza bila pampu haiwezekani.

Kama unanunua pikapu iliyotumika, usiondoke kwa muuzaji kabla hujaiona ile fimbo ya kushushia na vipande vyake vyote. Mara nyingi imepotea kwa mwenye gari wa kwanza, na hakuna anayekuambia.

Ndani ya bodi

Hapa kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya kana kwamba ni moja.

Ya kwanza ni kulilaza tairi kwenye sakafu ya bodi. Piga hesabu kabla hujafanya hivyo. Gurudumu la 265/65 R17 lina kipenyo cha karibu sentimita 78. Bodi la pikapu ya milango minne lina urefu wa mita moja na nusu hivi. Umeshatoa nusu ya urefu kwenye upande huo, na juu ya tairi lililolala hakuna kinachokaa vizuri isipokuwa magunia. Na ukiweka magunia, ndiyo umezika spea. Usiku wa manane, kwenye mvua, utaanza kushusha saruji moja moja pembeni ya barabara. Kwa pikapu ya kabini moja, yenye bodi refu, njia hii inavumilika. Kwa milango minne mimi siipendi.

Ya pili ni kulisimamisha, limeegemea ukuta wa mbele wa bodi nyuma ya kabini, limefungwa kwa bolti ndefu na sahani ya chuma inayobana rimu. Hapo linakula sentimita 27 au 28 tu za urefu. Unalifikia kutokea ubavuni, kwa kupanda juu ya tairi la nyuma, hata mzigo ukiwepo, mradi hukuupanga ukaliziba. Unaliona kila asubuhi. Unapima upepo wake pamoja na mengine kwa sababu valvu iko mbele ya macho yako. Nimeona pikapu nyingi za Land Cruiser zinazofanya kazi porini zikiwa zimefungwa hivi, na wenye magari hayo si watu wa mapambo.

Lakini liwe limefungwa kweli. Kamba ya katani si kufunga, na kamba ya mpira wa tyubu si kufunga pia. Kilo thelathini zikiachiwa huru nyuma, ukikanyaga breki kwa nguvu zinakuja kwenye kioo cha kabini. Mwambie fundi achomelee msingi wa bolti kwenye chuma kigumu cha bodi chenye kipande cha kuimarisha kwa chini, si kwenye bati tupu. Bati litapasuka baada ya miezi michache ya barabara ya changarawe yenye mawimbi. Bolti iwe na nati ya kufunga kwa kufuli. Na likiwa juani kila siku, livishe kava au gunia.

Ubaya wake ulio wazi ni kuliinua. Kulishusha ni rahisi, dunia inakusaidia. Kulirudisha lile lililopasuka, lenye tope, hadi usawa wa kifua, ukiwa peke yako, ni kazi. Mwenye mgongo mbovu alifikirie hilo kabla ya kuchomelea.

Juu ya kerea

Sitakaa sana hapa. Tairi juu ya paa, kwenye fremu ya kubebea mizigo, linapendeza kwenye picha. Kwenye kona za Kitonga, ukiwa unashuka kutoka Ilula kuelekea Ruaha Mbuyuni na malori mbele na nyuma, uzito uliowekwa juu ya kichwa chako unausikia kwenye kila kona. Paa la kabini halikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa, upepo unaongeza ulaji wa mafuta, na mtu mmoja kushusha gurudumu zito kutoka juu bila kujiumiza bega au kukwaruza gari zima ni bahati. Kuna hali moja tu ninayoikubali: una kibanda juu ya bodi, chenye kerea imara inayoegemea kwenye bodi lenyewe, na tairi lililoko juu ni la pili, lile ambalo unaomba usilihitaji.

Mkono wa nyuma

Huu ni mkono wa chuma unaofunguka kama mlango, umeshikwa kwenye bampa maalumu, na tairi limefungwa juu yake. Mafundi wanaohudumia magari ya watalii Arusha wanajua kuutengeneza, na wengine wanautengeneza vizuri mno. Kwa swali langu la usiku na tope, unashinda: tairi liko usawa wa kiuno, halina mzigo juu yake, halina tope chini yake, unalipima upepo huku umesimama.

Bei yake ndiyo kikwazo cha kwanza, kwa kuwa hununui mkono tu, unanunua bampa nzima. Kikwazo cha pili ni kwamba uzito wote umening'inia nyuma ya ekseli, na kila wimbi la changarawe linautikisa. Uchomeleaji wa ovyo hupasukia hapo hapo, kwenye bawaba. Kikwazo cha tatu: kila ukitaka kufungua mlango wa bodi lazima kwanza ufungue mkono. Kama kazi yako ni kupakia na kushusha mara kumi kwa siku, utauchukia kabla ya wiki kwisha. Na mwambie fundi ahamishe namba ya gari na taa ikiwa tairi linaziziba, maana trafiki wa kwanza utakayekutana naye hatahitaji miwani kuliona hilo.

Kwa kifupi cha haraka: mkono wa nyuma ni wa mtu mwenye kibanda juu ya bodi na safari za porini mara kwa mara. Si wa mtu wa mazao na mabomba kama mimi.

Moja au mawili?

Hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Kuna anayebeba spea mbili kwenda Dodoma kwa lami, na kuna anayekatiza Katavi na moja isiyo na upepo.

Tofauti iko kwenye aina ya jeraha. Msumari au mwiba kwenye sehemu inayokanyaga barabara unazibika. Ukiwa na vile vikamba vya mpira vyenye gundi, kile chombo cha kuvichomekea, na kipampu cha umeme kinachochomekwa kwenye betri au kiberiti cha gari, unaziba bila hata kutoa gurudumu, robo saa umeondoka. Vitu hivyo vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti. Ubavu ukichanika, hakuna kikamba kitakachokuokoa. Hapo ni tairi jingine tu. Sasa jiulize unakokwenda, ni misumari au ni mawe?

Kwenye barabara kuu ya Dar–Mbeya ni misumari na vipande vya chuma vya malori. Na fundi pancha yupo kila mji, Chalinze, Mikumi, Ilula, Mafinga, Makambako. Ukiona tairi kuukuu limesimamishwa kando ya barabara limepakwa rangi, umefika. Spea moja nzima na mfuko wa kuzibia vinatosha kabisa. Sehemu pekee ninayokuwa na wasiwasi nayo ni pale barabara inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, karibu kilomita 50. Hapo si mahali pa kuchuchumaa kando ya gari jioni ukitafuta nati iliyodondoka majanini. Upepo ukianza kupungua taratibu, jaza kwa kipampu, endesha hadi utoke hifadhini, kisha ushughulike.

Kwenye Rungwa, au kutoka Sitalike ukikatiza Hifadhi ya Katavi, au kule kaskazini mwa Kenya kuelekea Loiyangalani ambako mawe ya volkano yana makali kama kisu, hesabu inageuka. Jiwe lililochana la kwanza lina ndugu zake mbele. Ukishaweka spea yako pekee, kilomita zote zilizobaki unaendesha kwa roho mkononi. Hapo beba mbili.

Ya pili si lazima iwe na rimu. Tairi tupu ni jepesi karibu kwa nusu, na fundi wa kijijini mwenye nyundo na vyuma viwili vya kung'olea atalivalisha kwenye rimu yako. Lakini ukibeba tairi tupu umekubali kwamba utamtegemea huyo fundi, au wewe mwenyewe unajua kutumia vyuma hivyo. Ongeza tyubu moja ya saizi yako. Haichukui nafasi, na siku rimu ikipinda kidogo kwenye shimo na kukataa kushika upepo, tyubu ndiyo itakayokufikisha.

Spea isiyo ndugu wa matairi mengine

Pikapu nyingi zimebadilishwa matairi, na spea imebaki ile ya zamani. Tairi la 265/70 R16 na lile la 265/65 R17 yanakaribiana mno kwa kimo, yote mawili karibu sentimita 78. Hayo ukiyachanganya kwa dharura, gari halitalalamika, mradi rimu inaingia bila kugusa breki. Lakini lile jembamba la 205 R16 ni fupi kwa karibu sentimita 3 na nusu. Ukilifunga nyuma kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia za ndani ya difu, zile zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, zinazunguka muda wote kana kwamba uko kwenye kona isiyoisha, na joto linapanda. Dawa yake inataka jasho: hamisha tairi zima la mbele liende nyuma, spea fupi ikae mbele, nenda polepole, na usiguse foo wili kwenye barabara ngumu.

Kuazima spea kwa msafiri mwingine nako kuna mtego. Hilux ya foo wili ina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, sawa na Ranger na L200. Watu wakiona matundu sita wanashangilia. Lakini tundu la katikati la rimu ya Ranger ni dogo kuliko kitovu cha Hilux, na la L200 ni dogo zaidi, kwa hiyo rimu inagota kabla ya kukaa. Navara ya muundo wa D40 nayo ina bolti sita, ila kwenye duara dogo zaidi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, isipokuwa zile za zamani, ina tano, usijisumbue.

Kama umeweka rimu za mapambo, jaribu nati zako kwenye rimu ya spea ukiwa nyumbani. Zipo nati ambazo zinakaza rimu ya kununua na kuiacha ile ya chuma ikicheza.

Kisha angalia umri. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea inazeeka bila kutumika. Ikipita miaka kumi, hata kama bado ina vijinywele vya kiwandani, usiifanye tegemeo.

Mimi nimeishia wapi

Spea kuu nimeiacha chini ya bodi, kwa winchi mpya, na kila mwezi naishusha hadi chini, naosha, napaka grisi kwenye mnyororo, napandisha. Msingi wa bolti nyuma ya kabini nimeuchomelea, lakini tairi la pili linakaa pale kwa safari za Rungwa na Katavi tu. Kwa Iringa au Mbeya linabaki stoo, na kwenye nafasi yake unakaa mfuko mmoja zaidi wa saruji. Kama ningekuwa na gari moja la kabini moja la kazi za porini tu, ningesimamisha spea kuu nyuma ya kabini na kusahau habari za winchi.

Kubadilisha nimebadilisha mara nne tangu siku ile ya msumeno, na mara zote nimeweka majani hatua za kutosha nyuma ya gari pamoja na pembetatu, nikaondoka nayo yote, pamoja na mawe niliyozuilia magurudumu. Kuna wenzetu wanaacha mawe yao katikati ya njia, na wewe unayekuja usiku ndiye unayekwenda kutafuta spea kwa sababu yao. Baada ya kilomita 50 nasimama tena kukaza nati.

Siku moja kabla ya safari ndefu, jioni, spea huwa imelala uani. Mke wangu ananiletea chai, nakaa juu ya tairi lile lile nainywa, halafu napima upepo na kulirudisha. Mwanangu wa miaka kumi na mbili ndiye anayezungusha fimbo. Akishindwa kuizungusha, najua grisi imekwisha.